Ukwapi na Utao

Bwana Lyatuu kaja na glavu nyeupe, na sumaku,
na lenzi ya fundi saa anayoibana jichoni.
Chai hakunywa. Katandika taulo mezani petu,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
akasema: "Haya mama, tuzione."

Ala ni moja. Ngozi ya taa, kavu, yenye vipele,
pete za shaba zilizoota kijani.
Mpini nao utadhani mmoja
mpaka uuvute, ndipo unapopasuka kama kunde
na kila mkono ukajikuta umeshika nusu:
nusu ya mpini, nusu ya kikingio,
upanga uliobinuka nje, bapa kwa ndani,
bapa, ili mwenziwe apate pa kulalia.

Zilifuliwa China, zamani za mababu wa mababu.
Baba alizikuta forodhani mwaka sabini na nne,
mnada wa mizigo isiyo wenyewe,
kreti moja na mabomba ya choo.
Walimcheka. Karani wa mizani, mkonge wa Pongwe,
mshahara wa kununulia sukari robo robo,
anarudi na silaha ya watu asiowajua!
Mama hakucheka. Aliuliza tu kama zinakata muhogo.

Toka hapo akawa mtu wa kukusanya:
majambia, sime, kitara kilichovunjika ncha.
Vyote vikaja vikaenda. Hizi, nilivyojua mimi,
hazikutoka ukutani.
"Huu ukwapi," akinionyesha, "na huu utao.
Mshororo mmoja. Ukiupima, mizani sawa."

Bwana Lyatuu anahesabu nukta za shaba
zilizopachikwa kwenye chuma, nyota za kwao huko.
Wa kulia, saba.
Wa kushoto, sita.
Karudia. Kainama, kakinusa chuma, ndiyo, alikinusa,
akavua glavu.
"Wa kulia nauchukua leo hii. Huu mwingine, mama,
ni springi ya Landrova."

Nikaenda kulitoa daftari. Mwandiko wa karani, wino wa bluu:

*Machi 1981. Wa kushoto, kwa Mgiriki wa Muheza. Sh. 4,200.*
*Bombo: damu, dripu, sindano.*
*Aprili. Sanda. Ubani. Wachimbaji.*
*Juni. Fundi Sechonge, Makorora, kufua wa kushoto.*
*Shaba imemwishia nukta ya sita. Kasema atarudi.*

Na chini yake, kwa penseli:

*Upanga una mwenziwe, alani ukatulia,*
*Mmoja usichukuwe, wa pili ukabakia,*
*Utagonga kama jiwe, usiku ukisikia,*
*Kitanda nacho ujuwe,*

basi. Utao hakuuandika.

Nilikuwa na miaka tisa. Sasa nakumbuka ile sauti:
kila lori la bandarini lilipopita, ukutani ko, ko,
nikidhani panya.
Na baba akiamka, akiishika ala kwa mikono miwili
kama mtu anayemtuliza mtoto, mpaka lori liishie.
Halafu siku moja panya wakahama
wala sikuuliza wamekwenda wapi.

Bwana Lyatuu kataja bei. Bei nzuri, sitasema uongo,
bati zima la jikoni na fundi wake.
"Na ala?" nikauliza.
"Ala nayo, bila shaka. Mtu hanunui upanga uchi."
"Na huu wa Sechonge utalala wapi?"
Kanitazama kama niliyezungumza Kichina.
Kisha kakunja taulo lake, taratibu, pembe kwa pembe,
akaomba ile chai.

Alipoondoka nilizirudisha. Zinaingia pamoja tu;
ukianza na mmoja, wa pili unakataa.
Nikasubiri lori. Likapita.

Ijumaa ni siku ya mafuta ya cherehani.
Springi haina shida, haishiki kutu hata kidogo.
Ni yule wa China ndiye anayetaka kubembelezwa.
Jikoni kunavuja bado. Nimetega sufuria.